Kisa cha kworker: jinsi Linux ilivyopoteza majina ya kazi za draiva, na ilivyoyarudisha

Laptop imewashwa, hakuna programu hata moja iliyofunguliwa, lakini feni inavuma na betri inashuka kwa kasi. Ukiandika top, amri inayoorodhesha michakato inayokula CPU zaidi, kwenye terminali unaona mstari wa juu kabisa: kworker/0:1, na asilimia ya CPU iliyoganda juu bila kushuka. Kwa watumiaji wa Linux waliokutana na hali hii kati ya 2011 na 2018, jina hilo halikusaidia kitu. Lilisema mambo mawili tu: kwamba hiyo ni thredi (mkondo wa kazi) ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inayofanya kazi kwenye CPU namba 0, na kwamba ndani ya kundi lake ni namba 1. Draiva gani, yaani msimbo gani unaoendesha kifaa, imeituma? Kifaa gani kina hitilafu? Hayo hayakuwemo.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho wengi wanaoandika mifumo hukichukulia kuwa ni pambo. Jina la thredi ya kerneli lipo kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele ya skrini saa nane usiku, mashine yake ikiwa imelemewa. Swali lake karibu kila mara ni moja: nani ameagiza kazi hii? Majina yanaweza kupangwa kwa unadhifu wa hali ya juu, yakafuata kanuni moja kila mahali, na bado yakashindwa kujibu swali hilo. Kworker ilifanya hivyo kwa karibu miaka minane.

Tuanze na mgonjwa mwenyewe. Sababu mojawapo iliyojulikana sana ya kworker kula CPU kwenye laptop ilikuwa ACPI, yaani mpango unaotumiwa na ubao mama kuzungumza na mfumo endeshi kuhusu umeme, betri, joto, kifuniko na vitufe. Ubao mama una mistari ya matukio inayoitwa GPE. Kifuniko kikifungwa au chaja ikichomolewa, mstari mmoja unaamka, kerneli inapata intarapti (ishara ya kukatiza kazi), na kazi ya kulishughulikia tukio hilo inawekwa kwenye foleni ili ifanywe baadaye kidogo. Kwenye baadhi ya mashine, kwa sababu ya firmware mbovu (programu iliyohifadhiwa ndani ya ubao wenyewe), mstari mmoja hukwama. Unaamka, unahudumiwa, unaamka tena, maelfu kwa maelfu ya mara, na kila mara kazi mpya inaingia foleni. Watu wengi walikuta mkosaji ni gpe13, ingawa namba hubadilika kutoka mashine moja hadi nyingine.

Foleni hiyo ina jina lake: kacpid. Na kwa miaka mingi draiva ya ACPI iliilazimisha kazi hiyo ifanyike kwenye CPU 0, kwa sababu kulikuwa na mashine ambazo firmware yake iliharibu mambo kazi ikifanyika kwenye CPU nyingine. Ndiyo maana walalamikaji waliona kworker/0 na si kworker/3. Hapo palikuwa na dokezo kwa anayejua historia hiyo, lakini ni wangapi walioijua?

Sasa rudi nyuma hadi enzi za kerneli za 2.6, tuseme 2008. Mashine ileile yenye ugonjwa uleule ingeonyesha juu ya top mstari ulioandikwa kacpid. Si jina zuri sana. Ile d ya mwisho ni mazoea ya zamani ya Unix ya kuzipa hivyo programu zinazofanya kazi kimyakimya. Lakini ndani yake kuna acpi. Mtu anayetafuta msaada ana neno la kuanzia, na neno hilo linamfikisha mahali sahihi. Kati ya kacpid ya 2008 na kworker/0:1 ya 2012, ugonjwa haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kibandiko.

Kibandiko hicho hakikubadilishwa kwa uzembe. Kwenye Linux draiva kwa kawaida haina mchakato wake. MINIX 3 ilichukua njia nyingine: kila draiva ni mchakato kamili nje ya kerneli, na ukiorodhesha michakato unaiona kwa jina. Draiva ya Linux ni msimbo unaokaa ndani ya kerneli na kuitwa inapohitajika. Ikitaka kufanya jambo baadaye, lazima iazime thredi mahali fulani. Mwaka 2002, wakati wa matoleo ya 2.5, Ingo Molnar, mmoja wa waandishi wa kerneli, aliandika mfumo wa foleni za kazi ili kuyaweka mazoea hayo katika utaratibu mmoja. Draiva ilitengeneza foleni, ikaipa jina, na kerneli ikaanzisha thredi moja kwa kila CPU kwa ajili ya foleni hiyo. Orodha ya michakato ya miaka ile ilisomeka vizuri: events/0, events/1, kblockd/0, kblockd/1, ata/0, ata/1, aio/0, aio/1. Kushoto kwa mkwaju mwenye kazi, kulia namba ya CPU. Umbo hilohilo lilitumika kwa thredi nyingine pia. Iliyokuwa ksoftirqd_CPU0 kwenye 2.4 ikawa ksoftirqd/0 kwenye 2.6. Ule ndio wakati ambao majina ya thredi za kerneli yalikaribia zaidi kuwa na sarufi moja.

Gharama yake ilikuwa idadi. Foleni ziliongezeka mwaka hadi mwaka, CPU nazo zikaongezeka, na hesabu ni ya kuzidisha. Nyaraka za kerneli zenyewe zinaeleza kwamba baadhi ya mifumo ilimaliza nafasi yote ya kawaida ya namba za michakato, zaidi ya 32,000, kwa kuwaka tu, kabla mtumiaji hajaanzisha chochote. Na nyingi kati ya thredi hizo zilikuwa zimelala muda wote.

Mwandishi mwingine wa kerneli, Tejun Heo, alikuja na suluhisho lililoingia kwenye kerneli 2.6.36, Oktoba 2010. Foleni zilibaki na majina yake, lakini hazikuwa tena na thredi zake. Kila CPU ikapewa hodhi la wafanyakazi wa pamoja, yaani kundi la thredi za kutumiwa na wote, na mfanyakazi yeyote huchukua kazi yoyote kutoka foleni yoyote. Kwa kuwa thredi sasa haikuwa ya foleni fulani, haikuwa sawa kuipa jina la foleni. Ikapewa jina la kile ilicho: kworker, namba ya CPU, nukta mbili, namba ya mfanyakazi. Wenye kipaumbele cha juu wakawekewa H mwishoni. Wasiofungwa kwenye CPU yoyote wakawekewa u, kisha baadaye namba ya hodhi lao, kama kworker/u8:2.

Kiufundi uamuzi huo ulikuwa mzuri, na mimi nauheshimu. Hata majina yalikuwa ya kweli na yenye mpangilio mmoja, pengine kuliko wakati wowote kabla yake. Ila ilikuwa ni kama kufuta maandishi ya ubavuni kwenye daladala zote za Dar es Salaam, Mbagala–Kariakoo, Gongo la Mboto–Posta, halafu abiria aachiwe namba ya usajili tu. Kila gari linatambulika bila shaka yoyote, na hakuna anayejua linakwenda wapi.

Hasara haikuishia kwa kacpid. Angalia thredi inayoandika kwenye diski data iliyokuwa ikisubiri kwenye kumbukumbu. Enzi za 2.4 kulikuwa na bdflush na kupdated. Kwenye 2.6 ikawa pdflush, thredi kati ya mbili na nane zilizogawana diski zote, hivyo ukiona pdflush hujui ni diski ipi. Desemba 2009, kwenye 2.6.32, kazi ya Jens Axboe ilileta thredi moja kwa kila diski, ikiitwa kwa mfano flush-8:0. Namba 8:0 ni utambulisho wa kifaa ndani ya kerneli, na kwa kawaida ndiyo sda. Kwa mara ya kwanza msimamizi wa seva yenye diski kumi aliweza kutazama top na kusema: ni ile ya tatu inayochelewa. Raha hiyo ilidumu miaka mitatu na ushei. Kerneli 3.10, Juni 2013, ikahamishia kazi hiyo kwenye foleni za pamoja, na flush-8:0 ikayeyuka ndani ya kworker/u8:2. Khubd, iliyokuwa ikisimamia vituo vya USB, ilifuata mwaka 2014.

Kwa haki, toleo hilohilo la 3.10 lilileta njia ya mfanyakazi kujieleza. Msimbo unaoandika kwenye diski uliweza kumwekea mfanyakazi maelezo ya muda, "flush-8:0", na maelezo hayo yangechapishwa kerneli ikianguka au ikitupa ripoti ya thredi iliyokwama. Lakini yalionekana kwenye ripoti za ajali tu. Kwenye ps (amri nyingine ya kuorodhesha michakato) na top, mahali ambapo watu hutazama kila siku, hakukuwa na kitu.

Miaka hiyo watu waliishi kwa kubahatisha kwa utaratibu. Wa kwanza alisoma /proc/PID/stack (/proc ni saraka ambamo kerneli huonyesha hali ya kila mchakato, na PID ni namba ya mchakato) mara kadhaa mfululizo, akitumaini kumkuta mfanyakazi katikati ya kazi na kuona jina la kazi hiyo kwenye rundo la miito. Akimkuta amelala anaona worker_thread na kthread tu, basi. Wa pili aliwasha ufuatiliaji wa matukio ya foleni na kusubiri faili lijae. Kwa tatizo la ACPI njia ya mkato ilikuwa kusoma vihesabio:

grep . -r /sys/firmware/acpi/interrupts/

Mstari mmoja ukionyesha namba kubwa kupindukia huku mingine iko kwenye sifuri, umempata. Kuandika neno disable ndani ya faili la GPE hiyo kulituliza feni papo hapo, hadi mashine izimwe na kuwashwa tena. Ushauri huo ulizunguka dunia nzima na bado unawafaa wenye laptop za zamani, zikiwemo zinazouzwa kama mitumba. Tatizo ni kwamba ulikuwa ushauri wa kukariri. Mtu aliutumia kwa sababu ameona neno kworker, hata pale ambapo kworker yake ilikuwa inahangaika na kadi ya picha au diski, na ACPI haihusiki kabisa. Jina moja kwa magonjwa mengi lilizaa dawa moja kwa magonjwa mengi.

Marekebisho makubwa yalikuja kwenye kerneli 4.18, Agosti 2018, na aliyeyaandika ni Tejun Heo mwenyewe. Hakurudisha thredi za zamani. Alifanya jina la mfanyakazi litungwe upya kila linaposomwa: msingi ni uleule, kisha inaongezwa alama, kisha jina la foleni au maelezo yaliyowekwa na msimbo husika. Alama ya kujumlisha ina maana kazi inafanyika sasa hivi. Alama ya kutoa ina maana hiyo ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya mfanyakazi huyo kabla ya kupumzika. Kwa hiyo yule mgonjwa wetu sasa anasomeka hivi:

kworker/0:1+kacpid

Na yule wa diski anasomeka kworker/u8:2+flush-8:0. Ukitazama majina haya kwa makini unaona yamejibu maswali mawili kwa mpangilio: thredi hii ni ya aina gani na iko wapi, kisha inamfanyia nani kazi. Nusu ya kwanza haibadiliki, nusu ya pili inabadilika kila sekunde ikibidi. Kwa maoni yangu hili ndilo umbo bora ambalo Linux imewahi kufikia katika suala hili, kwa sababu halidanganyi kuhusu umiliki wala halifichi aliyeagiza.

Lina upungufu mmoja ambao msimamizi inafaa aujue. Jina refu hutungwa pale faili za /proc zinaposomwa. Ndani ya kerneli thredi bado imebeba jina fupi, na zana zinazolichukua humo moja kwa moja hulionyesha hilo. Ripoti ya kerneli iliyoanguka itaandika Comm: kworker/0:1, kisha mstari wa Workqueue utaeleza mengine. Thredi moja ina majina mawili kulingana na mlango ulioingilia, na anayelinganisha kumbukumbu za vyanzo viwili lazima akumbuke hivyo.

Hapa ndipo tunafika kwenye herufi 15. Kila thredi ya Linux ina sehemu ya baiti 16 ya kuhifadhi jina, na moja ni ya kufungia, hivyo zinabaki 15. Kuiongeza kunaonekana rahisi hadi ukumbuke programu zilizoandikwa kwa kuamini baiti 16. Mwito wa prctl wa kusoma jina la thredi unarudisha jina ndani ya nafasi ya ukubwa huohuo. Kerneli ikiandika zaidi, inaandika juu ya kumbukumbu ya programu ya mtu. Kwa hiyo kikomo kilibaki, na majina marefu yakawa yanakatwa bila onyo.

Madhara yake yanaonekana vizuri kwenye mfano uliotolewa wakati suala hili linarekebishwa. Mtu alikuwa anatengeneza thredi moja kwa kila CPU, akaiita cfs_migration, mkwaju, kisha namba ya CPU. Hesabu herufi za cfs_migration/1: ni 15 kamili. CPU namba 1 imetosha sawasawa. CPU namba 10 inahitaji herufi 16, hivyo tarakimu ya mwisho inakatwa, na jina linabaki cfs_migration/1. Namba 11 vivyo hivyo, hadi 19. Kwenye mashine ya CPU 20 unaona thredi kumi na moja zenye jina moja, na moja tu kati yake ndiyo inayosema kweli.

Draiva za vifaa ziliumia kwa namna hiyohiyo. Thredi za kushughulikia intarapti, zilizoingia kwenye kerneli kuu mwaka 2009 kutoka kazi ya Thomas Gleixner na wenzake wa mifumo ya muda halisi, huitwa irq, mkwaju, namba ya intarapti, kistari, kisha jina la draiva, kama irq/9-acpi. Umbo zuri. Lakini kadi ya wifi ya Intel husajili intarapti kadhaa na kila moja huipa maelezo yake baada ya iwlwifi. Irq/128-iwlwifi peke yake ni herufi 15, hivyo maelezo yote yaliyofuata yalimezwa. Zilitofautishwa na namba tu, na namba hupangwa upya mashine inapowaka. Wanaotengeneza muziki kwenye Linux na wanaoendesha mitambo ya viwandani hupanga vipaumbele vya thredi hizi kwa skripti zinazotafuta majina. Jina lililokatwa kwao linaweza kumaanisha kipaumbele kimewekwa kwa thredi isiyo sahihi.

Suluhisho la kerneli 5.17, Machi 2022, lilifuata njia ya 2018: sehemu ya baiti 16 iachwe ilivyo, jina kamili lihifadhiwe kando kwa thredi za kerneli ambazo jina lake halikutosha, na /proc ionyeshe lile kamili. Hakuna programu ya zamani iliyovunjika.

Ungedhani mambo yameisha hapo. Hayakuisha, na sehemu iliyofuata ndiyo inayonifundisha mimi zaidi ya zote, kwa sababu waliohusika walikuwa na nia njema na hoja sahihi.

Pamoja na wafanyakazi wa pamoja kuna thredi nyingine iitwayo mwokozi. Foleni inayohusika na kurudisha kumbukumbu, kwa mfano ya mfumo wa faili, haiwezi kukubali kusubiri hadi kerneli ipate kumbukumbu ya kuanzisha mfanyakazi mpya, maana huenda kazi yake ndiyo itakayoachia kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo foleni kama hizo hupewa thredi moja ya akiba inayolala hadi hali iwe mbaya. Tangu 2010 mwokozi aliitwa kwa jina la foleni yake tu. Ukitazama ps ya seva ya miaka ile unaona [ext4-rsv-conver], jina la ext4-rsv-conversion lililokatwa kwenye herufi ya 15. Lilipotosha kwa namna mbaya zaidi ya kukatwa. Msomaji aliamini kwamba hiyo ndiyo thredi inayofanya kazi ya foleni hiyo, kumbe kazi yenyewe inafanywa na kworker fulani na huyu amelala tangu mashine iwake. Aliyeifunga thredi hiyo kwenye CPU fulani ili kulinda CPU nyingine hakuwa amelinda kitu.

Mwaka 2023 ikapendekezwa mwokozi naye afuate mpangilio wa kworker: kworker, mkwaju, R, kistari, jina la foleni. Hoja ilikuwa nzito na marekebisho yakakubaliwa. Yeyote mwenye Ubuntu 24.04 na kerneli yake ya 6.8 ameyaona matokeo kwenye ps:

[kworker/R-rcu_g]
[kworker/R-rcu_p]
[kworker/R-slub_]
[kworker/R-netns]

Kiambishi kworker/R- kinakula herufi 10. Kati ya 15 zinabaki tano. Netns imebahatika kuwa na tano. Rcu_gp imepoteza moja, rcu_par_gp imepoteza tano, slub_flushwq imebaki na mkia wa mstari wa chini. Ile njia ya 2022 ya kuhifadhi jina kamili haikuwasaidia waokozi, kwa kuwa /proc huwahesabu kuwa wafanyakazi wa foleni na kutunga jina lao kwa njia ya 2018, ambayo msingi wake ulikuwa bado ni jina fupi. Waliotumia mfumo wa faili wa XFS waliumia zaidi. Kabla yake xfs-buf/sda1 ilitosha yote, na diski ilitajwa. Baada yake ikawa kworker/R-xfs-b, na diski zote zikafanana.

Tazama kilichotokea hapo. Aina ya thredi, ambayo msomaji anaihitaji mara chache, ilipewa nafasi ya mbele na herufi nyingi. Mwenye kazi, anayehitajika kila mara, akawekwa nyuma mahali ambapo kisu hupita. Kama kikomo kiko mwishoni mwa jina, kila kiambishi kinacholeta mpangilio kinalipiwa na sehemu inayotofautisha. Mwaka 2024 Tejun Heo alikusanya utungaji wa majina hayo mahali pamoja, akaufanya utumie jina kamili badala ya lile fupi, na mfano alioutoa ni foleni ya inet_frag_wq: kutoka kworker/R-inet_ ikawa kworker/R-inet_frag_wq. Wakati huohuo nafasi ya majina ya foleni zenyewe ilikuwa imepanuliwa kutoka baiti 24 hadi 32, na hata hapo foleni moja ya kerneli, events_freezable_power_efficient, ilizidi kwa herufi moja ikabidi ifupishwe kuwa events_freezable_pwr_efficient.

Kilichobaki sasa hakiko tena kwenye mfumo wa foleni. Kiko mikononi mwa waandishi wa draiva, na hapo hakuna sarufi. Nvme-wq inatumia kistari, usb_hub_wq inatumia mstari wa chini, raid5wq imebandika bila kitu katikati, xfs-buf/sda1 inatumia mkwaju na kutaja diski. Bluetooth imeita foleni yake kwa jina la kifaa, hivyo unaona kworker/u9:0-hci0 na unajua mara moja ni redio ipi. Nvme-wq inakuambia draiva tu, na kwenye seva yenye diski sita za NVMe hilo ni nusu ya jibu. Kama ningepewa nafasi ya kupendekeza kanuni moja, ingekuwa draiva kisha kifaa, kwa alama moja ya kutenganisha, na viambishi vya k na vya wq viachwe kabisa kwa kuwa mabano ya mraba ambayo ps huizungushia thredi ya kerneli na neno kworker tayari vimesema hayo.

Kuna pia neno moja ambalo bado linarudisha giza la 2012: events. Hiyo ni foleni ya pamoja ya kerneli, na draiva isiyohitaji foleni yake inaruhusiwa, hata kushauriwa, kuitumia. Mamia ya draiva hufanya hivyo. Zikiwa timamu hakuna ubaya. Moja ikiharibika, unaona kworker/2:0+events, na jina limetimiza kanuni yote bila kukutajia mtu. Maelezo ya muda ya 2013 yangeweza kusaidia hapa, lakini ni sehemu chache sana za kerneli zinazoyatumia.

Kwa anayekutana na events leo, njia ya uhakika ni ileile ya kufuatilia uingizaji wa kazi kwenye foleni, kwa mamlaka ya root:

echo workqueue:workqueue_queue_work > /sys/kernel/tracing/set_event
cat /sys/kernel/tracing/trace_pipe > kazi.txt

Acha kwa sekunde chache, simamisha, kisha futa kilichomo kwenye set_event. Kila mstari una sehemu ya function, na jina la function hiyo karibu kila mara hubeba jina la draiva iliyoiandika. Panga faili kwa jina hilo, hesabu marudio, na inayojirudia kupita zote ndiyo ya kuanza nayo. Ukitaka kuhakikisha kwamba kworker unayoitazama ni ya kerneli kweli, maana programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwa wizi hupenda kujiita jina hilo, angalia mzazi wake: thredi zote za kerneli ni watoto wa kthreadd yenye namba 2, na /proc/PID/exe yao haielekezi kwenye faili lolote.